Unampenda? Mpeleke Mtae kwa Baiskeli

Mwezi huu tunatoka nje ya mji kidogo. Hapana, siyo Zanzibar, wala siyo zile hoteli za ufukweni ambako mnakaa siku mbili kando ya bwawa, kila mtu kainamia simu yake, halafu mnarudi mnasema mmepumzika. Mwezi huu tunapanda Usambara. Na tunapanda kwa baiskeli.

Najua. Hapo hapo kuna dada ameshakunja uso. "Baiskeli? Mimi? Na hizi kucha?" Tulia, mpenzi. Siku hizi mambo yamebadilika. Pita barabara za Dar Jumapili alfajiri uwaone: wafanyakazi wa benki, wanasheria, madaktari, wake kwa waume, wamevaa bukta za kubana na kofia ngumu, wanakimbizana kabla magari hayajaamka. Baiskeli siyo tena ile ya kubebea mkaa na matenga ya mayai peke yake. Ila nikwambie ukweli, lami ya Dar haikufundishi kitu kuhusu mtu uliye naye. Ni tambarare mno. Mtu anajulikana kwenye mlima.

Sasa mlima wenyewe. Usambara Magharibi iko wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga, na ni sehemu ya ile safu wataalamu wanayoiita Milima ya Tao la Mashariki. Ukitoka Dar unashika barabara ya Moshi hadi Mombo, pale unaacha barabara kuu na kuanza kupanda kupitia Soni, kilomita kama 33 za kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo. Mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto yapo. Ukishuka Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba umesahau sweta. Wajerumani nao waliupenda huo ubaridi. Walipautawala mji huu waliuita Wilhelmsthal na wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Juni hadi Agosti usiku unataka blanketi mbili, au blanketi moja na mtu. Mimi sijasema kitu.

Usiku wa kwanza msifanye la maana. Mwili uliozoea Dar unahitaji kupewa taarifa. Huko mtakakopita kesho yake kunakaribia mita 2,000, na hewa ya kimo hicho ina msukumo wa kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Maana yake ni kwamba mtu anayejiona mwamba wa mazoezi atahema kama kapandishwa ghorofa kumi na gunia la mchele, na asidhani anaumwa. Hiyo jioni nendeni tu taratibu hadi Irente. Pale mwamba umekatika ghafla, na chini yake, karibu mita 1,000, unaiona Mazinde na tambarare yote imelala kama mkeka. Kuna shamba la Irente wanakotengeneza jibini, jamu na mkate mzito wa ngano nyeusi. Nunueni wa njiani. Mtanishukuru kesho saa tano asubuhi.

Njia ninayoizungumzia ni ya Lushoto hadi Mtae, zaidi ya kilomita 60. Kwa gari ni safari ya nusu siku yenye vumbi. Kwa baiskeli, kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe, ni siku mbili, na mlale katikati. Unaanza na mpando wa kwenda Magamba, na huo ndio unaotoa watu machozi kwa sababu miguu bado haijaamka. Halafu msitu unakufunika. Hapo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, iko chini ya TFS, na ukitaka kuingia kwenye vijia vya ndani kuna kiingilio, lipa bila kubishana. Ndani kuna giza la kijani, miti imevaa ndevu, na ukisikia mngurumo juu usikimbie, ni mbega, wale weusi wenye joho jeupe. Zile violeti ndogo za zambarau ambazo wenzetu Ulaya wanazifuga kwenye vyungu dirishani zilianzia milima hii. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na wataalamu wakayapa maua hayo jina lake. Maua ya kwetu, jina la mgeni. Haya, tuyaache.

Baada ya msitu nchi inafunguka. Mashamba yamepandwa mpaka kwenye kuta za milima, kabichi, karoti, viazi, na unajiuliza mkulima anasimamaje pale bila kujifunga kamba. Lukozi ndio soko. Malori yanapakia mboga ambazo kesho yake utazikuta Kariakoo kwa bei nyingine kabisa. Kutoka hapo kuelekea Sunga barabara inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, halafu pole pole unagundua kwamba huna tena mlima kushoto wala kulia. Uko juu ya mgongo wenyewe. Mtae imejengwa juu ya huo mgongo, nyumba zimefuatana kama ndege kwenye waya, na pande zote ni hewa. Upande mmoja unaitazama Mkomazi mpaka inapokutana na Tsavo ya Kenya, upande mwingine Milima ya Pare, na asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro yenyewe.

Sasa kwa nini naliweka hili kwenye kolamu ya mapenzi na siyo kwenye ukurasa wa michezo?

Kuna wawili ninaowafahamu, wameniruhusu niwasimulie lakini majina tuyaache. Kaka ni mhasibu, dada yuko kwenye mambo ya bima. Mahari ilishatolewa, ukumbi umeshalipiwa kianzio, kadi za michango zimeshasambazwa, kamati ya harusi inakutana kila Jumapili Sinza na kumaliza kreti za bia kuliko ajenda. Harusi ni Desemba. Agosti wakaamua waende Mtae kwa baiskeli wakapunge upepo. Kaka ni mwendeshaji hasa, Dar hadi Bagamoyo kwake ni kifungua kinywa. Dada ana miezi mitatu tu kwenye siti, amejifunza kwa ajili yake.

Siku ya kwanza ikaenda salama. Siku ya pili, baada ya Lukozi, kaka akaanza ule mchezo ambao kila mwanamke anayeendesha na mwanaume ataujua. Anatangulia. Anafika juu, anakaa kwenye jiwe, anakunywa maji, anapumzika vizuri. Dada anafika anahema, uso umeiva. Kaka anasimama: "Haya mpenzi, twende!" Yaani aliyepumzika ndiye anayeondoka, na aliyechoka hapumziki hata dakika moja. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya nne. Na mwenyewe anajiona muungwana kwa sababu eti "namsubiri".

Kabla ya Sunga dada akachomwa na mwiba, tairi ya nyuma ikakaa chini. Pampu, tyubu ya akiba na viraka, vyote vilikuwa kwenye begi la kaka, na kaka alikuwa keshavuka kilima cha pili. Akapiga simu, haipokelewi; iko kwenye mfuko wa begi. Basi dada akaanza kusukuma. Ukungu wa Usambara ukishuka haupigi hodi, na jua nalo linaondoka. Bibi mmoja aliyetoka kuokota kuni akamkuta, akampa pole, akapunguza mwendo wake na mzigo kichwani ili atembee naye. Kilomita tatu. Hawakuelewana sana, bibi akiongea Kisambaa zaidi, lakini hakumwacha mpaka walipoona taa za maduka. Mbele kidogo kijana wa bodaboda akampakia yeye na baiskeli, na ndivyo alivyoingia Mtae saa mbili usiku. Kaka alikuwa kwenye kibanda cha chai. Alikuwa keshakula. Alikuwa, naomba mnisamehe, keshatuma na picha ya machweo.

Dada hakusema kitu. Wanaume, ukiona kimya cha namna hiyo usifikiri umepona. Alioga maji ya ndoo, akala, na walipobaki wawili akauliza swali moja: "Hivi siku nikiwa leba, utakuwa umetangulia wapi?" Kaka akacheka, akidhani ni utani. Dada akavua pete akaiweka mezani, kando ya chupa ya chai.

Nilipomuuliza kaka baadaye usiku ule ulikuwaje, alisema: "Dada yangu, nilisikia upepo wa Mtae mpaka asubuhi." Asubuhi wakaenda kukaa pale mwamba unapoishia, mita moja kati yao, na ndipo yakaanza kutoka ambayo miezi minane ya uchumba hayakutoka. Kumbe kaka alikuwa keshapanga mama yake ahamie kwao Januari na hajamwambia mchumba. Kumbe kiwanja cha Kigamboni ambacho dada alichangia karibu nusu kimeandikwa jina moja. Hakuna hata moja ambalo kaka aliliona kuwa ubaya. Kote alikuwa ametangulia tu, na akidhani kwamba anamsubiri.

Mtae haikuleta hayo matatizo. Yalikuwepo Sinza, ila Sinza kuna muziki.

Waliahirisha harusi hadi Aprili. Kianzio cha ukumbi kikaliwa, kamati ikanuna, shangazi mmoja akasema msichana ana kiburi. Kiwanja kikaandikwa majina mawili. Suala la mama walilizungumza na mama mwenyewe, na ikaonekana mama hakuwahi kutaka kuhama Singida. Safari ya kurudi Lushoto kwa baiskeli, siku mbili nzima, dada alikaa mbele. Kaka anasema hajawahi kuchoka vile, maana kwenda polepole kuliko mwendo wako kwenye mlima ni kazi ngumu mno. Ndoa wakafunga, na mvua ilinyesha.

Kwa hiyo kama mnakwenda, shikeni hili la mwendo. Asiye na kasi anakaa mbele kwenye mpando, mwenye kasi anamfuata nyuma na anafunga mdomo. Mtu anayehema hahitaji hotuba ya "kanyaga mpenzi, bado kidogo". Bado kidogo ya nani? Mkifika juu, aliyefika wa mwisho ndiye anayesema tuondoke. Na kila mmoja abebe maji yake, tyubu yake, pampu yake, na ajue kuziba pancha kwa mikono yake. Dada, usiniambie "yeye ndiye fundi". Kaeni sebuleni jioni moja, toeni tairi, rudisheni, mara tatu. Ni dakika kumi mkishazoea, na mtacheka.

Mteremko ndio wa kuogopa kuliko mpando. Watu wanadhani kushuka ni starehe. Miaka ya 1970 kule California, vijana waliokuwa wakishuka Mlima Tamalpais na vitongoji vyake kwa baiskeli kuukuu za matairi manene, hawa akina Gary Fisher na Joe Breeze ambao ndio walioanzisha huu mchezo, walikuwa na mteremko mmoja walioupa jina la Repack. Ni kwa sababu breki za gurudumu la nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoka moshi, na kila wakifika chini walilazimika kuzifungua na kuzipakia grisi upya. Mwaka 1996 mchezo huo wa vijana wahuni ukaingia Olimpiki, Atlanta. Sasa wewe na baiskeli yako ya gia uliyonunua ya mtumba, usishuke umebana breki mfululizo. Rimu ikipata moto tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, achia, kwa breki zote mbili; ya mbele peke yake kwenye changarawe itakutupa juu ya usukani. Shusha siti kidogo, peleka makalio nyuma, pedali ziwe sawasawa, magoti yalegee, na macho yaangalie unakotaka kwenda, siyo unakoogopa kuangukia. Kwenye ule mgongo karibu na Mtae, mahali njia ilipobanwa na genge, shukeni mtembee. Hakuna anayewahesabia. Gia nazo badilisha kabla mlima haujakubana, ukingoja mpaka umesimama mnyororo utalalamika na unaweza kukatika.

Tairi zisijazwe zikawa jiwe kama za barabarani. Zilegeze kidogo zishike udongo, ila siyo mpaka rimu igonge mawe. Kabla ya safari mpelekee fundi wa mtaani aangalie breki, spoki na mnyororo, na umwambie ukweli unakokwenda. Ukimwambia "natembelea tu hapa hapa" atakukazia vya hapa hapa.

Na lile swali ambalo mnaona haya kuuliza: ndiyo, siti inaumiza. Nunueni zile bukta zenye sponji ndani, na huvaliwa bila chupi, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Wanawake wengi nyonga zetu zinataka siti pana kidogo kuliko ile ya kiume inayokuja na baiskeli. Jipakeni mafuta ya mgando asubuhi, na jioni msiahidiane makubwa. Nasema tu.

Juu ya bukta beba khanga au suruali pana. Vijiji hivi vina misikiti na makanisa yake, na watu wake wana heshima zao. Ukifika penye nyumba, jifunge, shuka, salimia. Usipite katikati ya kijiji kama risasi, kuna watoto na kuna kuku. Wazee wanaamkiwa shikamoo hata kama unahema. Ukiwapiga picha, omba kwanza. Na chakula kula cha huko: wali maharage, ndizi, mapichesi na plamu kama msimu umewadia. Mimi ningekwenda Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei achana nayo kabisa, ule udongo mwekundu ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na utakuwa umebeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba. Vuli nayo huwa inasumbua kuanzia Oktoba au Novemba.

Wanaotaka vijia vya msituni wachukue kijana wa kuwaongoza pale Lushoto, wapo wa siku nyingi na njia zote wanazijua. Kwenye barabara kubwa ya Mtae si lazima, ila ukungu ukishuka utatamani ungekuwa naye.

Kurudi si lazima mpande tena. Kuna magari ya abiria kutoka Mtae kwenda Lushoto, na huwa yanaondoka alfajiri na mapema mno, kwa hiyo ulizieni tangu jioni na muamke kweli. Baiskeli hufungwa juu ya kerya. Hakikisheni wenyewe zimefungwa kwa mipira, geuzeni usukani ulale, toeni pedali, na tandikeni ile khanga kati ya fremu na vyuma. Kondakta atawaambia "usijali bosi, ziko fiti". Pandeni juu mkaangalie, wote wawili.